Lancelot Andrewes: Mhubiri wa wafalme aliyenyamaza siku ya hukumu

KATI ya mwaka 1605 na 1624, Krismasi 17 zilimkuta Lancelot Andrewes mimbarini katika kanisa la Kasri la Whitehall, London, akihubiri mbele ya Mfalme James wa Kwanza na wakuu wa dola. Alikuwa na kipawa cha kulichukua neno moja la Maandiko, akalikuna na kulikamua hadi tui la mwisho.

Mwana huyo wa baharia alizaliwa London mnamo 1555. Alisomea Chuo Kikuu cha Cambridge, na inasimuliwa kwamba kila mwaka alipokwenda likizo nyumbani alijifunza lugha mpya. Ndiyo maana mfalme alipoagiza Biblia ifasiriwe upya kwa Kiingereza, Andrewes aliongoza jopo lililoshughulikia vitabu vya Mwanzo hadi Wafalme wa Pili. Tafsiri hiyo ya 1611 ingali inasomwa, hata katika makanisa ya Kenya.

Hakuwa mtu wa kuyumbishwa kwa cheo. Malkia Elizabeth alipotaka kumpa uaskofu kwa sharti kwamba sehemu ya mali ya jimbo ibaki mikononi mwa serikali, alikataa. Na hakukataa mara moja tu. Uaskofu aliupokea 1605, chini ya James: kwanza Chichester, kisha Ely, hatimaye Winchester.

Mtihani mkubwa ulimfika 1613. Frances Howard, mke wa Mwinyi wa Essex, alitaka ndoa yake ibatilishwe kwa madai kwamba mumewe hakuwa na nguvu za kiume kwake. Kila mtu ikuluni alijua kwamba bibi huyo alikuwa amempenda Robert Carr, kipenzi cha mfalme, na kwamba mfalme mwenyewe alitaka jambo hilo lifanikiwe. Jopo la maaskofu na wanasheria liliteuliwa. Askofu Mkuu George Abbot alipinga waziwazi. Andrewes naye mwanzoni alielekea kupinga, lakini baada ya kuzungumza na mfalme, msomi huyo wa lugha nyingi akawa kama aliyemwagiwa maji. Katika vikao alikaa kimya. Jopo lilipogawanyika nusu kwa nusu, mfalme aliongeza maaskofu wawili, na Septemba 25, 1613, ndoa ikavunjwa kwa kura saba dhidi ya tano. Andrewes alikuwa miongoni mwa wale saba.

Aibu haikuchelewa. Ilikuja kubainika kwamba Sir Thomas Overbury, aliyekuwa amepinga Carr kumwoa bibi huyo, alitiliwa sumu gerezani siku chache kabla ya hukumu ile. Mnamo 1616 Frances alikiri kosa. Mfalme alimsamehe.

Mwaka 1619 Andrewes alifanywa mkuu wa Kanisa la Kifalme. Jina hilo halikuwa la jengo moja; lilikuwa kundi la makasisi, waimbaji na wavulana wa kwaya waliomhudumia mfalme popote alipokuwa. James alipenda mahubiri kuliko sala. Alipoingia tu, ibada ilikatizwa, kwaya ikaimba, na mhubiri akapanda mimbarini. Desturi hiyo ilidumu hadi kifo cha mfalme, na ni mkuu aliyemfuata Andrewes, William Laud, aliyemshawishi Mfalme Charles kuiacha.

Mnamo 1621, Askofu Mkuu Abbot alimuua mlinzi wa wanyama kwa mshale kwa bahati mbaya akiwa mawindoni. Wako waliotaka aondolewe. Andrewes, aliyekuwa amemwacha peke yake miaka minane awali, safari hii alimtetea, na Abbot akabaki kitini.

James alipokuwa akikata roho 1625 aliagiza aitwe Andrewes, lakini askofu huyo alikuwa hoi kwa maradhi. Miezi yake ya mwisho aliimalizia katika sala. Kijitabu cha sala zake za faragha, alichokiandika hasa kwa Kigiriki na Kilatini bila nia ya kukichapisha, kimejaa toba kuliko jambo lingine lolote.

Alifariki Septemba 25, 1626, miaka 13 kamili tangu siku ya hukumu ile, na akazikwa Southwark, ng'ambo ya Mto Thames.