William Vickrey: Mchumi aliyetaka maegesho matupu yawe bure

KATIKA miji mingi mikubwa duniani kuna hali inayojirudia kila siku. Mtaa mmoja hujaa magari hadi madereva wakauzunguka mara tatu au nne wakitafuta pa kuegesha, ilhali mtaa wa pili, mwendo wa dakika chache kwa miguu, nafasi zake nyingi ziko wazi. Ada ya maegesho, mara nyingi, ni ile ile katika mitaa yote miwili.

Mtu aliyeonyesha zaidi ya miaka 70 iliyopita kwamba kosa liko katika bei hiyo moja, wala si kwa madereva, ni Profesa William Vickrey wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, Marekani. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa lakini nzito kutekelezwa: panapojaa pawe ghali, na palipo patupu pawe rahisi, hata kama itabidi pawe bure kabisa.

Vickrey alizaliwa Juni 21, 1914 katika mji wa Victoria, Canada. Sehemu ya utoto wake aliishi Ulaya na sehemu nyingine Marekani. Alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale na kuhitimu mwaka 1935. Alihamia Columbia kusomea uchumi, na huko akapata shahada ya uzamili mwaka 1937.

Mwaka huo huo aliohitimu Yale, mita ya kwanza ya kulipia maegesho ilisimikwa katika mji wa Oklahoma City. Ilikuwa Julai 16, 1935, na dereva alitumbukiza sarafu ya senti tano ili aegeshe kwa saa moja. Mashine hizo zilienea haraka katika miji ya Marekani. Hata hivyo, ada yake haikutofautisha saa ya pilikapilika na saa ya utulivu. Aliyeegesha mbele ya duka lililofurika wateja alilipa sawa na aliyeegesha penye nafasi kumi zisizo na gari.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipozuka, Vickrey, aliyekuwa muumini wa dhehebu la Marafiki, maarufu kama Wakwekeri, alikataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri yake. Sehemu ya utumishi aliopewa badala ya jeshi aliitumia kuandaa mfumo wa kodi ya mirathi kwa ajili ya kisiwa cha Puerto Rico. Mwaka 1946 alianza kufundisha Columbia, na baadaye alipata shahada ya uzamivu kwa utafiti juu ya kodi inayomtoza zaidi mwenye kipato kikubwa. Mwaka 1950 alikuwa miongoni mwa wataalamu wa Marekani walioishauri Japan kuhusu mfumo wake wa kodi.

Historia hiyo ni muhimu kwa anayetaka kumwelewa. Wapo walioyachukulia mapendekezo yake ya kutoza ada barabarani kuwa mbinu ya kuwapendelea matajiri. Lakini msomi huyo alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta namna ya kuwapunguzia mzigo wasio na uwezo. Kwake yeye, bei ilikuwa chombo cha kugawa kitu adimu bila kukifuja, wala haikukusudiwa kuwa adhabu au njia ya kujaza hazina ya jiji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipewa kazi ya kuchunguza nauli za treni za chini ya ardhi za New York. Wakati huo abiria walilipa nauli moja bila kujali saa wala umbali. Vickrey alishauri nauli ipande wakati wa msongamano na ishuke treni zinapokwenda nusu tupu. Wanasiasa waliogopa hasira ya wapiga kura, na ushauri huo ukawekwa kando.

Hakukata tamaa. Mwaka 1954 aliandika makala katika jarida la wahandisi wa usafiri, akihamishia hoja hiyo kwenye maegesho ya kando ya barabara. Alieleza kwamba ada inapaswa kuwa ndogo kiasi cha kuwezesha nafasi zote zinazohitajika kutumika, na ikiwa nafasi zinatosha kila mtu, basi isiwepo. Pale tu wanaotaka kuegesha wanapozidi nafasi zilizopo ndipo bei ipande, tena kwa kiwango cha kuhakikisha anayefika anapata mahali. Alipendekeza mita za eneo moja ziunganishwe, ili bei ifuate idadi ya nafasi zilizobaki wazi.

Msingi wa hoja hiyo ni hesabu ya hasara. Gari linapoegeshwa katika mtaa uliojaa, humnyima nafasi mtu mwingine, naye hulazimika kuzunguka akichoma mafuta na kuwazibia njia wenzake. Hiyo ni gharama, na bei inapaswa kuionyesha. Gari hilo hilo likiegeshwa katika mtaa mtupu, halimnyimi mtu yeyote chochote. Kumtoza dereva huyo ni kumfukuza bila faida: mwenye duka wa mtaa huo hukosa mteja, na mtaa wa jirani huongezewa msongamano.

Kwa mamlaka za miji, hilo lilikuwa somo gumu. Kupandisha ada katika mitaa iliyojaa kuliwatia hofu wafanyabiashara, na kuishusha katika mitaa mitupu kulionekana kama kuyatupa mapato. Mita za wakati ule nazo hazikuwa na uwezo wa kuhesabu magari. Wazo likabaki katika makabati ya maktaba.

Vickrey aliendelea. Mwaka 1959, mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyoshughulikia matatizo ya jiji la Washington, alipendekeza kila gari lifungwe kifaa cha kielektroniki kitakacholitambulisha kwenye makutano ya barabara, na mwenye gari apelekewe ankara kila mwezi. Wengi waliona ni ndoto. Katika miaka ya 1960 alitengeneza kifaa cha redio na kukifunga kwenye gari lake mwenyewe, ili kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana tena kwa gharama ndogo.

Wenzake wa Columbia walimfahamu kama mtu wa pekee. Kwa miaka kadhaa alionekana akiteleza kwa viatu vya magurudumu kutoka kituo cha treni kwenda chuoni. Katika mihadhara alifumba macho kana kwamba amelala, kisha akayafumbua na kuuliza swali lililogusa kiini cha mada.

Mwaka 1961 aliandika makala kuhusu minada, akifafanua aina ya mnada ambao mwenye dau kubwa hushinda lakini hulipa kiasi cha dau la pili. Alionyesha kuwa utaratibu huo humfanya kila mshiriki ataje thamani ya kweli anayokipa kitu. Yeye mwenyewe hakuiona makala hiyo kuwa miongoni mwa kazi zake kubwa, lakini ndiyo iliyochangia sana kumpatia heshima ya kimataifa.

Oktoba 8, 1996 ilitangazwa kwamba Vickrey, akiwa na umri wa miaka 82, ameshinda Tuzo ya Nobel ya Uchumi pamoja na James Mirrlees wa Uingereza. Alifurahi kupata jukwaa, kwani aliamini kuwa sasa mawazo yake yaliyopuuzwa kwa miongo kadhaa yangesikilizwa. Jukwaa hilo halikudumu. Siku tatu baadaye, Oktoba 11, alifariki dunia akiwa safarini kwa gari kutoka New York kwenda kwenye mkutano wa wanauchumi huko Massachusetts. Profesa mwenzake wa Columbia, Lowell Harriss, ndiye aliyempokelea tuzo.

Mavuno yalikuja baadaye. Singapore, iliyoanza kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji mwaka 1975, iliingiza mfumo wa kielektroniki mwaka 1998. London ilifuata mwaka 2003, na Stockholm ikaufanya mfumo wake kuwa wa kudumu mwaka 2007. New York, jiji lililoukataa ushauri wake wa nauli, lilianza kutoza magari yanayoingia sehemu ya kusini ya Manhattan Januari 2025.

Lakini ni San Francisco iliyokaribia zaidi makala ya mwaka 1954. Kuanzia mwaka 2011 jiji hilo lilifanya majaribio ya kupanga ada mtaa kwa mtaa. Magari yalipojaza zaidi ya asilimia 80 ya nafasi, ada ya saa moja iliongezwa senti 25. Yaliposhuka chini ya asilimia 60, ilipunguzwa senti 25, na chini ya asilimia 30 ilipunguzwa senti 50. Wengi walitarajia kuwa kila kitu kingepanda bei. Kinyume chake, wastani wa ada katika maeneo ya majaribio ulishuka, kwa sababu mitaa iliyotozwa kupita kiasi ilikuwa mingi kuliko ilivyodhaniwa. Mwishoni mwa mwaka 2017 jiji liliamua kuueneza utaratibu huo kwa mita zake zote.

Vickrey hakuishi kuona mita hata moja ikishusha bei yake kwa sababu mtaa ni mtupu. Alichoacha ni swali ambalo kila mamlaka ya jiji hulazimika kulijibu kabla ya kuweka kibao cha ada: nafasi hii inayotozwa, kuna mwingine anayeihitaji?