John Dalton: mwalimu aliyeacha macho yake yapasuliwe

Mfanyabiashara anayevuka Rusizi kwenda Bukavu, au anayeshusha mzigo Bujumbura, akikutana na mtu asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani, atasikia wanaozungumza Kifaransa wakimwita daltonien. Msumbiji, Wareno waliacha neno la ukoo huohuo. Kenya, Uganda na Tanzania husemwa tu upofu wa rangi. Lile neno la Kifaransa limetokana na jina la mtu, John Dalton, mwalimu wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1844. Wanafunzi wa sekondari wanamjua kwa nadharia ya atomu. Lakini miaka kadhaa kabla ya atomu alishughulika na jambo linalomgusa kila mwenye duka la vitambaa: je, rangi anayoiona muuzaji ndiyo anayoiona mnunuzi?

Dalton alizaliwa Septemba 1766 katika kijiji cha Eaglesfield, mkoa wa Cumberland, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Baba yake, Joseph, alikuwa mfumaji wa nguo, na familia haikuwa na kitu. Walikuwa waumini wa Marafiki, au Quaker, dhehebu ambalo leo wafanyabiashara wa Busia na Malaba wanalijua vizuri kwa sababu ya waumini wake wengi wa magharibi mwa Kenya, tangu misheni ya Kaimosi ilipoanza mwaka 1902. Marafiki wa enzi za Dalton walivaa nguo za rangi zilizopoa, za kijivu na kahawia. Nyekundu iliyokolea kwao ilikuwa majivuno. Jambo hilo linafaa kukumbukwa, maana litarudi mara mbili katika maisha yake.

Alianza kufundisha akiwa na umri wa miaka 12, baadhi ya wanafunzi wakimzidi umri na kimo. Mwaka 1781 alihamia mji wa Kendal kumsaidia kaka yake, Jonathan, katika shule ya Marafiki, na baada ya miaka minne ndugu hao wawili wakaachiwa shule hiyo waiendeshe wenyewe. Huko Kendal alimpata mwalimu wake mkubwa, John Gough, mtu aliyepofushwa na ndui akiwa mtoto mdogo. Gough alimfundisha lugha na hisabati, na akamzoesha kuandika hali ya hewa kila siku. Dalton alifungua daftari lake la hali ya hewa mwaka 1787 na hakulifunga tena kwa miaka 57. Kijana aliyekuja kuwaeleza watu wenye macho mazima kwamba hawaoni sawasawa alifunzwa kazi ya kuchunguza na mtu asiyeona kabisa.

Husimuliwa kwamba katika miaka hiyo alimnunulia mama yake, Deborah, soksi ndefu za hariri, zawadi ya mtoto aliyeanza kupata kipato chake. Aliziona za rangi iliyopoa, zinazomfaa mwanamke wa Marafiki kwenda nazo ibadani. Mama alipozifungua alishangaa. Zilikuwa nyekundu kabisa. Jonathan aliitwa kuamua, naye akakubaliana na mdogo wake. Mama akawaita majirani, nao wote wakasema ni nyekundu. Hakuna hati ya kuthibitisha kila kipengele cha kisa hiki, lakini kinafanana na mambo ambayo Dalton mwenyewe aliyaandika baadaye. Katika nyumba ile vijana wawili waliona rangi moja na kijiji kizima kikaona nyingine, na mnunuzi hakuwa mzembe wala hakudanganywa na mwenye duka.

Uthibitisho ulipatikana mwaka 1792, wakati huo Dalton akichunguza mimea. Usiku mmoja aliangalia ua la jeraniamu kwa mwanga wa mshumaa. Ua hilo watu huliona la waridi. Mchana yeye aliliona la buluu kama anga, lakini mbele ya mshumaa buluu ilipotea na ua likawa karibu na wekundu. Alidhani kila mtu huyaona mabadiliko hayo, akaanza kuwauliza marafiki zake. Wote walimjibu kwamba rangi ya ua haikubadilika kiasi cha kushangaza. Ni Jonathan peke yake aliyeona kama yeye. Dalton alikuwa na miaka 26. Tangu utotoni alikuwa akitumia majina ya rangi kama watu wengine, na siku zote alidhani wengine ndio wanaoyachanganya majina.

Mwaka uliofuata alihamia Manchester kufundisha hisabati na sayansi katika chuo cha Wakristo wasio wa kanisa la serikali, kwa kuwa vyuo vya Oxford na Cambridge viliwafungia mlango watu wa dhehebu lake. Manchester ulikuwa mji wa pamba. Viwanda vyake vilisokota, vikafuma, vikatia rangi na kuchapa vitambaa vya kuuzwa nchi za mbali, na baadaye sana baadhi ya kanga zilizovaliwa pwani ya Afrika Mashariki zilichapwa huko. Katika mji ambao utajiri wake ulikuwa kwenye nguo, Dalton alisimama tarehe 31 Oktoba 1794 mbele ya Jumuiya ya Fasihi na Falsafa ya Manchester, ambako alikuwa mwanachama wa wiki chache tu, akasoma maelezo ya jinsi anavyoona.

Maelezo hayo yanastahili kukaa nayo kidogo, maana yaliandikwa kama mtu anayekagua bidhaa moja baada ya nyingine. Katika upinde wa mvua wengine waliona rangi sita. Yeye aliona mbili, labda tatu: manjano, buluu, na pengine zambarau. Chungwa, manjano na kijani kwake zilikuwa manjano moja iliyokolea hapa na kufifia pale. Sehemu ya nyekundu ilikuwa kama kivuli tu. Jani bichi la mti lililingana na kijiti cha lakiri nyekundu ya kufungia barua. Damu aliiona kama kijani kilichoiva cha chupa, hivyo soksi yenye tone la damu na yenye tone la tope ni shida kuzitenganisha. Shavu lenye wekundu wa afya lilikuwa kama wino mweusi uliotiwa maji juu ya karatasi nyeupe. Uzi wa sufu uliotiwa rangi ya damu ya mzee na ule wa buluu iliyoiva kwake vilikuwa kitu kimoja. Mtu wa namna hiyo angesimama nyuma ya meza ya vitenge, mteja akamwomba doti la damu ya mzee akapewa la buluu, ugomvi ungeanza mara moja, na kila upande ungeapa kwa haki.

Dalton hakuwa wa kwanza kuandika habari hizi. Mwaka 1777 ilichapishwa taarifa ya fundi viatu aliyeitwa Harris, wa mji wa Maryport, mkoa uleule wa Cumberland. Harris aliweza kuitambua cheri juu ya mti kwa umbo na ukubwa wake tu, kwa sababu rangi yake na ya majani aliziona sawa. Dalton aliifuatilia familia hiyo na kuambiwa kwamba kati ya ndugu sita, wanne walikuwa hivyohivyo. Akawageukia wanafunzi wake. Katika darasa la 25 alipata wawili wanaoona kama yeye, na katika jingine la idadi hiyohiyo akapata mmoja. Alikusanya habari za watu karibu ishirini, wote wanaume. Hakusikia habari ya mwanamke hata mmoja, na aliona pia kwamba wazazi wa watu hao kwa kawaida hawakuwa na hali hiyo.

Hesabu zake zilikuwa nzuri kuliko alivyoweza kujua. Leo inafahamika kwamba aina hii ya upofu wa rangi hurithiwa kupitia kwa mama, ambaye kwa kawaida yeye mwenyewe huona rangi zote. Mtoto wa kiume akipokea jeni yenye kasoro hana nyingine ya kuifidia, wakati mtoto wa kike huwa na mbili. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, wanaume wapatao 8 katika kila 100 wana hali hiyo kwa kiwango fulani, na wanawake hawafiki mmoja katika 100. Katika Afrika kiwango kilichoonekana kwa jumla ni cha chini zaidi, lakini kipo. Wengi hawaoni dunia ya nyeusi na nyeupe kama inavyodhaniwa. Wanaona rangi, ila baadhi huungana. Dereva wa aina hiyo hujua taa nyekundu ya barabarani kwa kuwa iko juu, na muuza nyanya huibonyeza kujua kama imeiva. Ndiyo maana wengi hufika utu uzima bila kujijua, kama Dalton.

Alipokosea ni kwenye sababu, na kosa hilo alikaa nalo miaka hamsini. Alidhani ute ulio ndani ya jicho lake una rangi ya buluu, nao humeza mwanga mwekundu kabla haujafika nyuma ya jicho, kama kioo cha rangi kilichowekwa dirishani. Mwaka 1807 Thomas Young, daktari na mwanasayansi wa London, alitoa wazo jingine, kwamba pazia la nyuma ya jicho lina vipokezi vya aina tatu, na kwamba Dalton alikosa vile vya nyekundu. Dalton hakubadili msimamo. Kwa mtu mkaidi kiasi hicho, alilofanya baadaye linamtoa lawamani: aliagiza kwamba akifa macho yake yafunguliwe, ionekane kama alikuwa sahihi.

Maisha yake mengine yanasimuliwa shuleni. Mwaka 1803 alianza kuunda nadharia kwamba kila elementi ina atomu zake zenye uzito wake, na mwaka 1808 akaitoa katika kitabu kilichobadilisha kemia. Hakuoa. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa mpangaji kwenye nyumba ya mchungaji mmoja mjini Manchester, akijikimu kwa kufundisha watoto wa watu kwa ada ndogo, na kila Alhamisi alasiri akienda kucheza mchezo wa tufe. Serikali ilimpa pensheni mwaka 1833, akiwa na miaka 66.

Mwaka mmoja kabla ya pensheni hiyo, Oxford, chuo ambacho kisingempokea kijana wa Marafiki, kilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Joho lake lilikuwa jekundu la kuwaka. Mwaka 1834 alipelekwa mbele ya Mfalme William wa Nne. Vazi la kawaida la kwenda ikulu lilikuwa na upanga, jambo ambalo Rafiki asingelikubali, kwa hiyo akaenda na joho la Oxford. Marafiki wenzake waliona rangi iliyokatazwa. Yeye aliona nguo iliyopoa isiyo na makuu, akaivaa bila wasiwasi.

Alipata kiharusi mwaka 1837 na kingine mwaka uliofuata. Jioni ya tarehe 26 Julai 1844, mkono ukitetemeka, aliandika katika daftari la hali ya hewa kwamba mvua ilikuwa ndogo. Asubuhi yake alikutwa amefariki. Inakadiriwa watu 40,000 walipita mbele ya jeneza lake Manchester.

Siku moja baada ya kifo, daktari wake, Joseph Ransome, alitekeleza agizo. Alifungua jicho moja na kumimina ute wake kwenye kioo cha saa. Ulikuwa mweupe kama maji. Jicho la pili alilitoboa kwa nyuma akachungulia kupitia humo, akiangalia vitu vyekundu na vya kijani, navyo vikaonekana kama kawaida. Nadharia ya miaka hamsini ikaanguka mchana mmoja. Ransome hakuyatupa mabaki. Yalikaushwa, yakahifadhiwa na ile Jumuiya ya Manchester. Desemba 1940 mabomu ya Ujerumani yaliteketeza jengo la Jumuiya pamoja na sehemu kubwa ya karatasi za Dalton, lakini mabaki ya macho yalinusurika.

Mwaka 1995 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba wamechukua vipande vidogo vya mabaki hayo na kusoma vinasaba vyake. Jeni ya kipokezi cha nyekundu, ambayo Young alidhani haipo, ilikuwapo. Iliyokosekana ni ya kijani.