Isaac Newton, Mtoto wa Wakati wa Vita

Kila aliyesoma sayansi shuleni amelisikia jina la Isaac Newton, mtu aliyeeleza kanuni za mwendo na nguvu ya uvutano. Lakini ni wachache wanaojua jinsi utoto wake ulivyokuwa.

Alizaliwa Woolsthorpe, katika jimbo la Lincolnshire, Uingereza, siku ya Krismasi mwaka 1642 kwa kalenda ya wakati ule. Vita kati ya Mfalme Charles I na Bunge vilikuwa na miezi minne tu. Baba yake, mkulima asiyejua kuandika hata jina lake, alikuwa amekwisha kufariki. Isaac alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo mno, na waliomwona hawakutumaini kwamba ataishi. Mwezi wa Mei 1643 majeshi yalipigana karibu na mji wa Grantham, kama kilometa 11 kutoka kwao.

Kanisa nalo halikusalimika. Mwaka 1645 Kitabu cha Sala kilipigwa marufuku, na Askofu Mkuu William Laud akakatwa kichwa. Mwaka 1646 uaskofu ulifutwa, na mwaka 1647 ikafutwa sikukuu ya Krismasi, siku yake mtoto huyu ya kuzaliwa. Alipokuwa na miaka 6, mfalme mwenyewe aliuawa. Kuanzia 1653 Oliver Cromwell alitawala kwa nguvu ya jeshi.

Hata hivyo, jeraha lake kubwa lilitoka nyumbani. Mwaka 1646 mama yake, Hannah, aliolewa na padre mzee wa kijiji cha jirani, na Isaac wa miaka 3 akaachwa kwa bibi. Mama alirudi 1653, baada ya mumewe kufariki, akiwa na watoto wengine watatu. Uchungu haukuisha upesi. Akiwa kijana wa miaka 19, Isaac aliandika orodha ya dhambi zake, na mojawapo ilikuwa kutishia kuwachoma moto mama na baba wa kambo pamoja na nyumba yao.

Alipelekwa shule Grantham, akapanga kwa muuza dawa. Huko alitengeneza kinu kidogo cha upepo, saa ya maji, na tiara zenye taa zilizowatisha majirani usiku. Mwaka 1658, Cromwell alipofariki, tufani kubwa ilivuma. Watu wazima walijadili nani atatawala. Isaac alikuwa nje akirukaruka, mara kufuata upepo, mara kuukabili, apate kupima nguvu yake.

Kisha mama alimtoa shule achunge mifugo. Kijana alizama katika vitabu, na mwaka 1659 alitozwa faini kwa kuwa kondoo na nguruwe wake waliharibu mali za watu. Ndipo Mwalimu Henry Stokes na mjomba wake, Padre William Ayscough, walipomsihi mama amrudishe. Mwalimu alikubali kusamehe ada ya shilingi 40. Mwaka 1660 ufalme ulirudi, na mwaka uliofuata Isaac akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Kitabu chake kikuu kilitoka 1687. Alifariki 1727, akazikwa Westminster Abbey.

Wazazi na walimu wenzangu, mtoto kama huyu huenda yuko hata mtaani kwetu: mkimya, mwenye hasira, mbuzi wake wamo shambani mwa jirani. Faini atatozwa, na ni haki. Lakini je, nani atakwenda kwa mama yake kumwombea arudi shule?