Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, Mwalimu wa Watu Wazima

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule akiwa na miaka 12, huko Mwisenge, Musoma. Alibatizwa mwaka 1943, akafundisha Tabora na baadaye Pugu, kabla ya kuiongoza nchi. Hata alipokuwa Rais, watu waliendelea kumwita Mwalimu, na kwa haki.

Aliamini kuwa taifa haliwezi kungoja watoto wakue ndipo lianze kujenga maisha bora. Hivyo mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hapa Kanda ya Ziwa, mkoa wetu wa Mara ukiwemo, wakulima na wavuvi walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyozungumzia pamba, uvuvi, mifugo na maarifa ya nyumbani. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya: watu walikusanyika kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kuchemsha maji ya kunywa.

Msingi wa kazi hiyo ulikuwa heshima. Kwa Mwalimu, mtu mzima si chombo kitupu. Tayari ana jambo analolijua, na mwalimu huanzia hapo. Tena hujifunza kwa kutenda. Mwaka 1982, katika uongozi wake, zilitungwa sheria mbili kuhusu watu wenye ulemavu: moja juu ya ajira, nyingine juu ya matunzo yao.

Wapendwa, urithi huu unatudai. Katika familia zetu wamo watu wazima wenye ulemavu wa akili ambao bado huogeshwa, hulishwa na kuitwa watoto, ingawa wangeweza kujifunza. Wengine hufichwa wageni wanapofika. Tunaita huruma, kumbe tunawanyima utu uzima wao. Na wazazi wao watakapofariki, nani atawapikia uji?

Tuanze na jambo moja: kunawa, kufunga vifungo, kuwasha jiko kwa usalama, kutambua noti ya shilingi elfu moja. Tuligawe katika hatua ndogo. Tumwoneshe, tufanye pamoja naye, kisha turudishe mikono yetu nyuma, tumwache afanye mwenyewe, kila siku kwa saa ile ile. Akikosea, turudie bila kumcheka. Akiweza, tumpe kazi hiyo iwe yake nyumbani. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu, kuanzia Musoma hadi Bunda na Butiama, ziwasaidie wazazi waliochoka, hata kwa zamu za saa moja.

Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 na amezikwa Butiama. Tangu mwaka 2005 Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Tunaposali ili siku moja atangazwe Mwenye Heri, tumkumbuke pia jirani yetu ambaye hajawahi kufundishwa kwa sababu hakuna aliyedhani anaweza. Wiki hii tumtembelee, tumsalimu yeye mwenyewe kwanza, kisha tuulize anapenda kufanya nini.