Khabari za Abubakari Ar-Razi, Tabibu na Mjuzi wa Kimia

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad na aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Mtu huyu jina lake ni Muhammad bin Zakariya. Alizaliwa Ray, katika nchi ya Waajemi, mwezi wa Shaabani mwaka 251 Hijra, nao ni 865 wa miladi. Alikuwa mkuu wa hospitali ya Ray, kisha ya Baghdad, na risala yake iliyopambanua ndui na surua imesomwa mpaka Ulaya. Utabibu wake wengi wanaujua. Sisi twataka kimia yake.

Alitafuta dhahabu, kama wenziwe, wala hakuipata. Walakini kwa kutafuta huko aliacha ilimu kubwa. Alivipanga vitu vya ardhi mafungu sita: roho, madini, mawe, mazaji, mabauraki na chumvi. Katika mabauraki alitia natruni, nayo ni ndugu ya magadi yetu haya. Hapa Itigi, kama huko kwenu pwani, magadi hutiwa chunguni maharagwe yapate kulainika, na asili yake ni maziwa kama Natron na Magadi.

Katika chumvi alitaja kili, itokayo katika majivu ya mimea ya ardhi ya chumvi. Kwa jina hilo la Kiarabu, al-kili, Wazungu wamepata neno alkali, yaani kitu kilicho kinyume cha tindikali. Twaa siki uimwagie magadi: itatoka povu, na hewa ya povu lile ni ile ile tuitoayo puani. Ukipima sawasawa, ukali wa siki utaondoka.

Ar-Razi aliloweka kili pamoja na chokaa isiyozimwa, akachuja, akarudia mara nyingi, yakapatikana maji makali. Sababu yake ni kuwa chokaa huinyang'anya kili ile hewa yake, ikatuama chini kama unga mweupe, na juu yakabaki maji yenye kuunguza. Maji hayo yakipikwa na mafuta huwa sabuni. Yakimpata mtu huchubua ngozi na kupofua jicho. Basi aliyemwagikiwa asitie siki kwa kudhani ataivunja alkali, wala aliyemwagikiwa tindikali ya betri asipake magadi. Na aoshe kwa maji mengi, muda mrefu, kisha aende kwa tabibu.

Wako wasemao kuwa yeye ndiye aliyetengeneza tindikali ya kiberiti. Mimi siwafuati. Uchachu alioutumia kwa yakini ni wa siki; zile tindikali za nguvu zimebainika wazi katika vitabu vya waliokuja baadaye. Kumzulia maiti sifa ni uwongo vilevile, hata akiwa wa kwetu.

Tena yamenasibishwa kwake maneno juu ya unabii ambayo wanazuoni wameyakataa. Al-Biruni, aliyeorodhesha vitabu vyake 184, alimtukuza katika utabibu, asimfuate katika itikadi. Nasi twapita njia hiyo hiyo.

Mwisho wa umri wake macho yalipofuka. Yasemekana ni kwa wingi wa kusoma na kwa moshi wa tanuri zake. Alikufa Ray, tarehe 5 Shaabani mwaka 313, nao ni 925 wa miladi.