Kipaji cha Mwalimu Sontonga

Tunapotaja mtu mwenye kipaji cha pekee, wengi wetu hufikiria vyeti na sifa. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, akiwatungia nyimbo wanafunzi wake. Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, sala ya kuiombea Afrika. Alifariki mwaka 1905, angali kijana, akazikwa Braamfontein, si mbali na hapa Marshalltown.

Wimbo ukaendelea na safari bila yeye. Mwaka 1912 uliimbwa Bloemfontein, kwenye mkutano ulioanzisha chama cha ANC. Mwaka 1961 Tanganyika iliichukua tuni yake kwa wimbo wa taifa, ambao baadhi yetu tuliuimba mstarini shuleni. Lakini kaburi lake lilisahaulika kwa miaka mingi, hadi Rais Mandela alipozindua mnara wa kumbukumbu hapo mwaka 1996.

Sontonga hakuyaona hayo. Aliwaona watoto waliokuwa mbele yake, akawapa kilicho bora. Wapo walimu wa namna hiyo katika Shule yetu ya Jumapili. Tuwashukuru wangali hai.