John Bowlby: Daktari aliyeuliza mtoto mwizi katenganishwa na nani

Mpira na muziki tuviache kidogo. Leo nawaletea stori ya mzee mmoja wa Uingereza ambaye shuleni wengi hatukumsikia, lakini kazi yake inatugusa kuanzia wodini mpaka bwenini. Anaitwa John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili.

Kwanza niwaulize. Mtaani kwenu mtoto akidokoa hela anafanywaje? Si anachapwa? Akirudia anaitwa mwizi, na jina hilo linamganda mpaka ukubwani. Bowlby yeye aliuliza kitu kingine kabisa: huyu mtoto alitenganishwa na nani?

Bowlby alizaliwa London tarehe 26 Februari 1907, mtoto wa 4 kati ya 6. Kwao mambo safi, baba yake alikuwa daktari bingwa wa upasuaji. Ila kwa desturi ya matajiri wa enzi zile watoto walilelewa na mayaya, mama walimwona kama saa 1 tu kwa siku baada ya chai ya jioni. John alimpenda sana yaya wake, Minnie. Alipokuwa na miaka kama 4 Minnie akaondoka. Bowlby alikuja kulifananisha pigo lile na kufiwa na mama. Halafu akapelekwa shule ya bweni, nayo hakuipenda hata kidogo.

Alisoma Cambridge, akafundisha kwa muda kwenye shule ya watoto walioshindikana, kisha akamalizia udaktari London. Kuanzia 1936 alifanya kazi kwenye kliniki ya watoto wenye matatizo ya tabia. Hapo ndipo alipochukua watoto 44 wenye tabia ya kuiba, akawalinganisha na wengine 44 wa kliniki hiyo hiyo ambao hawakuwa wezi. Kati ya wale wezi, 14 walikuwa kama hawana mapenzi na mtu yeyote, na 12 kati ya hao 14 walikuwa wametenganishwa na mama zao kwa muda mrefu wakiwa wadogo. Kazi hiyo ilitoka mwaka 1944.

Baada ya vita, mwaka 1946, akaenda Tavistock Clinic kuongoza idara ya watoto. Shirika la Afya Duniani likamwomba aandike ripoti juu ya watoto wasio na makazi, ikatoka 1951. Ujumbe wake ulikuwa kwamba mtoto anahitaji mapenzi ya kudumu ya mama, au ya mtu anayeshika nafasi ya mama, na serikali isikimbilie kujenga vituo vya kuwaweka watoto wakati familia ikisaidiwa ingeweza kuwalea yenyewe.

Sasa njooni hospitalini. Miaka ile baadhi ya hospitali za London ziliruhusu wazazi kuwaona watoto waliolazwa mara moja tu kwa wiki! Eti mzazi akija mtoto analia, bora asije. Mwenzake Bowlby, James Robertson, akamrekodi mtoto wa miaka 2 aliyelazwa siku 8. Filamu ilipoonyeshwa 1952 madaktari wengi walikasirika. Mtoto hakupiga makelele, alinyamaza tu na kujikunja moyoni, na mama alipokuja akamgeuzia uso. Mwaka 1959 kamati ya serikali ikapendekeza wazazi waruhusiwe muda wote, na mama wa watoto wadogo waweze kulala nao hospitalini.

Afrika Mashariki nasi tumo. Mary Ainsworth, aliyewahi kufanya kazi na Bowlby, alikuja Uganda 1954 akatembelea familia 26 vijijini karibu na Kampala. Akaona mtoto mwenye uhakika na mama yake ndiye anayethubutu kutambaa mbali kuchunguza mambo, akiogopa anarudi. Mambo hayo aliyaona kwa kina mama wa Kiganda, si maabara ya Ulaya.

Je, Bowlby alipatia kila kitu? Hapana. Alimbebesha mama mzigo mno. Mwaka 1972 mtaalamu mwenzake, Michael Rutter, alionyesha kwamba si kila kutengana kunaleta madhara yale yale, na ugomvi wa nyumbani nao unaumiza. Sisi tuliolelewa na bibi na mashangazi tunajua mlezi si lazima awe mmoja. Ila hoja ya msingi imebaki: mtoto anahitaji mtu wake.

Mzee Bowlby alifariki kisiwani Skye, Scotland, tarehe 2 Septemba 1990, akiwa na miaka 83.

Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kuna wazazi walilalamika sana, na kweli wengine kazi zinawabana. Lakini mimi nadhani mtoto wa miaka 6 anayekojoa kitandani bwenini au kuiba madaftari ya wenzake hahitaji fimbo kwanza. Anahitaji mtu wa kumuuliza anamkumbuka nani.

Wadau mnasemaje? Waliosoma bweni tangu wadogo, hebu tupeni uzoefu wenu hapo chini.